Nafasi ya Ligi Kuu Tabora: ni mali ya nani?

Wiki hii tunaweka kando bei za karanga na asali, tuzungumzie bidhaa nyingine iliyopo Tabora: nafasi katika Ligi Kuu. Wenye vibanda, bodaboda na nyumba za wageni, Kitete hadi stendi, wanaijua faida yake siku Simba au Yanga inapokuja Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Wachache huuliza nafasi hiyo inamilikiwa na nani.

Tutazame Marekani, ambako ligi ni biashara kwanza. Mwaka 1959 Lamar Hunt wa Dallas, mtoto wa tajiri wa mafuta, alikosa timu katika NFL, ligi ya mpira wao ule wa kukimbia nao mikononi. Akakusanya matajiri wenzake, wakaunda AFL, iliyoanza 1960 na timu 8. Fedha za televisheni waligawana sawa kwa sawa, wa New York na wa mji mdogo. Hilo ndilo lililowabeba. Ligi mbili zikagombania wachezaji, mishahara ikapaa, hadi mwaka 1966 zikakubali kuungana. Ilipofika 1970 timu 10 za AFL ziliingia kundi jipya, AFC. Ili makundi mawili yalingane, Baltimore, Cleveland na Pittsburgh zilihamia huko, kila moja ikilipwa dola milioni 3. Leo AFC ina timu 16 katika kanda 4, na hakuna kushuka daraja. Timu ikifungwa msimu mzima, kiti chake kinabaki.

Kwetu ligi ilianza 1965, bingwa akiwa Sunderland, ndiyo Simba ya leo, na kiti hupotea. Rhino Rangers ya Tabora ilipanda msimu wa 2013/14, ikashuka msimu huohuo. Mji ukasubiri hadi 2023, ilipopanda Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro, ikaitwa Tabora United. Mwaka 2025 ikawa TRA United, jina la Mamlaka ya Mapato (ambao wengi wetu tumezoea kuwaona dukani, si uwanjani). Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, miaka 10 kwa Sh. bilioni 225.6, hunufaisha aliyemo ligini tu.

Tusidhani Marekani timu hazihami. Hunt mwenyewe aliihamisha yake kutoka Dallas kwenda Kansas City mwaka 1963. Ambayo haijahama ni Green Bay, mji wa watu laki moja na ushei, kwa sababu timu ni ya wananchi: iliuza hisa mara ya kwanza mwaka 1923, na sasa wenye hisa wamepita laki 5. Hisa hizo hazina gawio. Faida yao ni kwamba hakuna tajiri anayeweza kuipakia timu kwenye lori usiku.

Kwa maoni yetu, wafanyabiashara wa Tabora waombe jambo hilohilo: fungu la hisa kwa wakazi, hata dogo, lenye kura katika suala la kuhama na kubadili jina. Chama chao kiliandike na kulipeleka kwa wenye timu kabla ya msimu ujao. Kwa sasa, anayetaka kukopa ajenge gesti kwa kutegemea siku za mechi, apige hesabu ya msimu mmoja tu.