Picha za Bwami: zirudi kwetu, na wazee ndio waamue

Ndugu na dada wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Kwenye telefone zetu picha za lukwakongo zinapita kila mara: sura ndogo ya muti, ndevu ndefu, nyuma yake weusi mutupu. Tunazipenda, tunatumiana, tunasema "Maniema yetu!" Lakini ni wangapi kati yetu tunajua maana yake?

Kwa Warega, lukwakongo haiko pambo. Ni kitu cha Bwami. Inaonyeshwa kwa wenye kuingizwa, pamoja na ngoma, wimbo na methali. Sherehe ikiisha, inafichwa tena. Picha ilikata hayo yote. Ilibakiza sura peke yake, bila methali, bila jina la mwenyewe.

Na tuangalie wakati. Mwaka 1948 Leta ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku. Miaka mine tu kisha, kati ya 1952 na 1954, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwa kwa Warega, akiandika na kupiga picha. Hatumtukani: wazee walimwamini, na bila kazi yake mengi yangepotea. Lakini tuseme ukweli. Ukoloni ule ule uliokataza mzee kufanya Bwami ndio uliolipa mzungu kuichunguza. Leo mjukuu wa yule mzee anasoma Bwami katika vitabu vya Amerika, kama ana pesa ya kuvinunua.

Mwezi wa pili 2022, Ubelgiji ilipatia serikali yetu orodha ya vitu zaidi ya 84.000 vya museo ya Tervuren. Mwaka ule ule wakapitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa vibaya. Ni hatua. Lakini sheria ile iliacha nyaraka nje, na picha ni ukumbusho wetu pia.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Kopi za picha zote za Maniema zifike Kindu, si Kinshasa tu.
2. Wazee wa Pangi waziangalie kwanza, waseme ipi ionyeshwe na ipi ibaki siri.
3. Majina ya watu na vijiji yaandikwe, wangali hai wale wanaoyakumbuka.

Na sisi vijana? Kabla ya kutuma picha ingine, tuende kwa mzee, tukae, tuulize. Akikataa kueleza, tukubali. Iyo nayo ni heshima.

Vitu vyetu viko na wenyewe!