Mwezi Mwandamo na Kivuli cha Dunia



Muulizeni mwanafunzi wa hapa Mji Mkongwe kwa nini mwezi mwandamo huwa mwembamba. Wengi watakujibuni kuwa umefunikwa na kivuli cha dunia. Jibu hili ni kosa, wala hawalitoi wavivu. Hulitoa watoto waliosoma habari za kupatwa kwa mwezi, wakazichanganya na za mwezi mchanga.

Tunavyoona sisi, tatizo ni namna tunavyosoma. Kitabu hutoa jibu sahihi na kupita. Msomaji aliyekwishakuwa na dhana yake hulipachika jibu lile juu ya dhana, akafaulu mtihani, na dhana ikabaki pale pale. Katika sekondari huzidi, maana vitabu vya sayansi ni vya Kiingereza na nguvu zote huishia kwenye maneno.

Yanayosaidia ni maandishi yanayoitaja dhana yenyewe kwanza, yakasema si kweli, kisha yakaeleza sababu. Njia hii si ngeni madrasa. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema ni kwa ajili ya kifo chake. Mtume (S.A.W.) hakuinyamazia kauli ile, ingawa ilimtukuza mwanawe. Aliwafahamisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu.

Basi na tuufanyie hivyo mwezi mwandamo. Anayebisha asimame Forodhani jioni ya mwandamo. Jua limezama magharibi, na mwezi uko huko huko magharibi. Kivuli cha dunia kinaelekea mashariki, upande usio na jua. Kitaufikiaje mwezi? Tunachokiona ni ukingo tu wa ule upande wake unaopigwa na jua. Kivuli huufikia mwezi mpevu, kama usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, ulipopatwa wote kuanzia kiasi cha saa 2:30.

Tunawaomba walimu, kabla ya kuwasomesha watoto sura yoyote ya sayansi, wawaache waandike wanavyoamini, kila mmoja katika daftari lake, asichekwe na mtu. Wakimaliza kusoma, walinganishe. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote mjini Makka, nasi tungependa madaftari hayo yaanze kabla ya siku hiyo.