Ufundi Nyumbani: Kamani Chini ya Kitufe

Mwaka 1987 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa mashine uitwao Street Fighter. Baadhi ya mashine hizo zilikuwa na vitufe viwili vikubwa vya mpira, na kadiri mchezaji alivyovipiga kwa nguvu ndivyo pigo la mpiganaji wake lilivyokuwa kali. Wachezaji waliumia mikono, na mashine nazo zikachakaa upesi. Mahali pake vikawekwa vitufe sita vidogo, vya ngumi na mateke, hafifu, wastani na kali. Nguvu ya mkono ikawa haina kazi tena. Kilichobaki ni kubonyeza kwa wakati wake.

Lakini kubonyeza nako kuna uzito. Ndani ya kitufe mna kamani ya waya, ambayo hukirudisha juu kidole kinapoondoka. Ikiwa laini mno, kidole kilichopumzika tu huweza kukibonyeza kitufe pasipo kukusudia. Mashindanoni hilo si jambo dogo: aghalabu anayeusimamisha mchezo kwa kugusa kitufe cha kuanzia, hata kwa bahati mbaya, hunyang'anywa raundi ile. Ikiwa ngumu mno, vidole huchoka kabla ya fainali. Askari aliyewahi kushika bunduki mbili tofauti hahitaji kuelezwa zaidi.

Viko vitufe vilivyoundwa kupokea swichi za MX za kampuni ya Cherry, zile zitumikazo katika kibodi za kompyuta. Swichi nyekundu hutaka nguvu ilingane na uzito wa gramu 45 hivi. Nyeusi, gramu 60. Basi ni busara kukipa kitufe cha kuanzia swichi nyeusi, na vya kupigia nyekundu. Asiyetaka kununua swichi nzima huifungua aliyo nayo, akabadili kamani peke yake. Waya wa umeme uchomolewe kwanza, na kazi ifanyike juu ya kitambaa cheupe, maana kamani hizo ni ndogo mno na hupenda kurukia chini ya kabati.

Wako wanaoshika koleo na kukata mzunguko mmoja wa kamani ili ilainike. Dhana hiyo ni kweli nusu tu. Kamani fupi huanza kwa ulegevu, kwa kuwa haikubanwa sana. Lakini mizunguko ikipungua, kila milimita ya kubonyeza hudai nguvu zaidi kuliko awali. Kitufe hulegea juu, kikawa kigumu chini, na pengine kikashindwa kurudi. Kinachotawala zaidi ni unene wa waya. Ukiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, mizunguko na upana vikibaki vilevile, ugumu huongezeka kwa karibu nusu. Kwa hiyo inunuliwe kamani ya kufaa, na koleo libaki sandukuni.

Kupima ni rahisi. Sarafu ya senti 5 ya Marekani ina gramu 5 kamili. Zikipangwa juu ya kitufe moja moja hadi kompyuta ionyeshe kuwa kimebonyezwa, hesabu imepatikana. Sarafu yoyote iliyokwisha kupimwa kwenye mizani itafaa vilevile. Vipimwe vitufe vyote na kuandikwa, kwani hata swichi za pakiti moja huweza kupishana kidogo, na kidole kidogo cha mwisho, ambacho ndicho dhaifu, kipewe kamani iliyo laini kuliko zote.