Fomati si dawa!

Wadau, nimerudi kampasi salama kutoka fildi, ila moyo bado una moto. Leo naomba niseme, atakayenuna na anune.

Nilikuwa Ujiji, nafundisha Historia kidato cha pili. Siku hiyo nimeazima projekta, nimewaandalia watoto video fupi ya meli ya Liemba. Dakika ya pili tu skrini ikaganda, sauti ikawa inakwamakwama, halafu giza. Darasa zima: "Madamu, imekufa?" Na mkaguzi wangu kakaa nyuma na karatasi yake ya alama! Jamani, niliishiwa maneno.

Jioni nikampelekea fundi mmoja mjini Kigoma. Hata kuiwasha hakuiwasha. "Dada, tatizo ni hiyo Linux, haijui video. Tupige fomati tuweke Windows, elfu ishirini tu." Elfu ishirini, mimi ninayesubiri bumu! Nikabeba laptopu yangu nikaondoka.

Usiku nikafanya asichofanya fundi: kuuliza. Amri moja tu, journalctl -k -b -1, inakuonyesha keneli iliandika nini kabla mashine haijazimika. Mistari ya mwisho yote inalalamikia draiva ya grafiki. Nikaingia mipangilio ya VLC, nikazima ile ya kufungua video kwa kadi ya grafiki, kazi yote ikahamia kwa prosesa. Video ikaenda mpaka mwisho! Joto liliongezeka na betri ikaliwa haraka, sikatai. Nikairudisha ile mipangilio, safari hii nikawasha kwa keneli ya zamani. Haikuganda. Kumbe mbaya ni keneli mpya niliyoiweka wiki iliyotangulia.

Na nyie mashabiki wa Linux msishangilie. Mnatuambia haigandi kamwe. Uongo mtupu! Inaganda, tena mbele ya mkaguzi. Tofauti ni kwamba inaacha maandishi, ukitaka kusoma utasoma. Kosa langu nalo lipo: nilisasisha, nikaingia darasani bila kuijaribu video.

Lakini fomati inafuta ushahidi wote, hujui kilichokuuma na kesho kitakuuma tena. Ile Liemba yenyewe Wajerumani waliizamisha 1916, mashine zake wakazipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, wakaikagua, wakakuta injini bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini. Karibu miaka minane tangu izamishwe na bado watu waliangalia kwanza! Yangu imeganda mara moja, unataka uifute?

Walimu wenzangu, nasi tujitazame. Mtoto akikosa hesabu tunachora mkasi mwekundu, wengine fimbo, tunasonga mbele. Nani anauliza amepotea mstari wa ngapi? Hiyo nayo ni fomati.

Wiki iliyofuata watoto waliiona Liemba yao mpaka mwisho. Mkaguzi hakurudi, alama zilishaandikwa.

Nawasilisha.