Ukongwe si uchakavu

Anayeagiza gari kutoka nje na kulitoa bandarini Dar es Salaam analijua vizuri neno "uchakavu", kwa sababu analilipia. Gari dogo lililopita miaka minane huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na likivuka miaka 10 ushuru huo hupanda hadi asilimia 30. Mitaani tunauita ushuru wa uchakavu, na kosa limo humohumo ndani ya jina: umri wa gari umehesabiwa kuwa ubovu wake. Kwa gari la kawaida lililotumika Japani miaka 15 na kuuzwa kwa bei ya kutupa, hesabu hiyo ina mantiki. Kwa gari kongwe lililotunzwa, lenye injini ambayo lilitoka nayo kiwandani, haina. Nadhani umefika wakati sheria zetu zitenganishe ukongwe na uchakavu, kama Kiswahili chenyewe kinavyovitenganisha.

Tulichukue Peugeot 404. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha likashinda mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam akiwa na Chris Rothwell. Ni sehemu ya historia ya nchi hii, hata kama halikuundwa hapa. Sasa tuseme mtu amelipata Uingereza, na bei pamoja na usafiri na bima imefika shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaongeza milioni mbili na nusu. Injini ya 404 ina sentimita za ujazo 1,618, kwa hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia tano, shilingi 625,000. Uchakavu unadai milioni 3.75, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla yote hiyo. Kodi zinafika takriban milioni 9.9, bila tozo ndogondogo. Ukiondoa uchakavu pamoja na VAT inayoufuata, zinapungua kwa zaidi ya milioni nne. Gari lililotengenezwa upya kwa uangalifu, bodi imenyooshwa, bampa zinang'aa, kabureta imesafishwa, linatozwa adhabu ileile inayotozwa gari lililochoka.

Na huku Tanzania mlango angalau haujafungwa. Kenya, kiwango cha KS 1515 kinataka gari lililotumika lisizidi miaka minane, na kwa mwaka 2025 maana yake lilikuwa gari lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Katika nchi zote mbili kipimo kikuu ni tarehe. Ndiyo maana inauma kuona Datsun 240Z yenye namba 11, iliyoshinda Safari Rally ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, imehifadhiwa Zama, Japani, kwenye mkusanyiko wa Nissan wenyewe. Wajapani waliona gari lililopigika kwenye matope na vumbi letu kuwa ni mali ya kutunza. Sisi tuliolipigia makofi barabarani tumejiandikia kanuni ambazo gari la aina hiyo, likija kwa njia ya kawaida, litahesabiwa zee kupita kiasi.

Wapo watakaosema kikomo cha umri kiliwekwa kwa sababu nzuri: moshi, breki mbovu, na hofu kwamba Afrika itageuzwa jalala la magari ya wengine. Nakubaliana nao kabisa, na sitaki kikomo hicho kilegezwe kwa magari ya kila siku. Lakini madhara hayo yanatokana na wingi na matumizi. Gari linalotoka Jumapili moja kwa mwezi halichafui hewa kama lililo barabarani kuanzia alfajiri hadi usiku. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linalitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na angalau miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria, na lisipotumika kama usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho ndilo jibu la hoja ya moshi.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la ujanja. Ukifungua upenyo kwa magari kongwe, dalali ataleta vibasi vya mwaka 1995 na kuviita urithi. Hofu hiyo ni ya kweli, na haitatulizwa kwa kuaminiana tu. Uingereza gari la kihistoria huingia bila ushuru wa forodha, kwa VAT ya asilimia tano, lakini lazima liwe na miaka 30 au zaidi, toleo lake lisiwe linatengenezwa tena, na chasisi, usukani, breki na injini viwe havijabadilishwa kimsingi. Mkaguzi anaweza kufungua boneti, akasoma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na kuilinganisha na nyaraka. Sisi tunaweza kuongeza ya kwetu: gari moja kwa mtu kwa miaka kadhaa, marufuku kubeba abiria kwa nauli, marufuku kuliuza ndani ya miaka mitano, na kibao cha namba cha pekee ili trafiki alitambue kwa mbali. Ujerumani hufanya hivyo kwa herufi H mwishoni mwa namba. Dalali anayetafuta faida ya haraka hatapata kitu hapo.

Kuhusu dai kwamba haya ni mambo ya matajiri, anayesema hivyo amesahau fundi. Gari kongwe halichomekwi kompyuta likaeleza linaumwa nini. Linamtaka fundi anayeweza kurekebisha platini kwa sikio, mgonga bodi anayerudisha mkunjo wa mlango kwa nyundo na mbao, na mshona viti anayejua kushona upya kiti cha ngozi. Ujuzi huo bado upo kwenye gereji zetu, kwa wazee waliokuwa wakitengeneza 404 na 504 zilipokuwa teksi, na vijana wao hawana cha kujifunzia.

Hata kichaka cha sheria si kikubwa. Kifungu cha 97.05 cha bidhaa zenye thamani ya kihistoria, ambacho Uingereza inakitumia kwa magari haya, kimo pia katika kitabu cha ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki. Kinachohitajika ni mwongozo ulioandikwa wazi, unaomwambia ofisa wa forodha ni gari gani linaingia humo na kwa masharti gani, na mstari mmoja katika Sheria ya Fedha unaoliondoa kwenye uchakavu. Bajeti husomwa kila Juni, na maoni ya wananchi hupokelewa kabla yake.