ZUMARI HAINA DHAMBI

Wapo wenzetu wasemao ya kuwa jazi ni muziki wa vilabuni, wala haimfai mtu amchaye Mungu. Husema, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Sisi twajibu: muziki si tenga la samaki.

Na watege masikio kwa santuri iitwayo Jazz at Vespers. Ilinaswa mwaka 1954 katika kanisa la Kiepiskopali la Holy Trinity, mji wa Oxford, jimbo la Ohio, Marekani, watu wakiwa katika ibada ya jioni. Kasisi wao alikuwa Alvin Kershaw. Kiongozi wa wapigaji alikuwa George Lewis wa New Orleans, mpiga klarineti, ile zumari ya Kizungu yenye ulimi mmoja wa mwanzi. Mtu huyu, aliyezaliwa 1900 akafa 1968, alipata kuwa mpakuzi wa shehena bandarini. Kweli, alipiga katika kumbi za ulevi pia. Je! ulevi huo uliingia ndani ya mwanzi? La, hasha! Zaburi ya 150 yataja baragumu, zeze, filimbi na matoazi. Wala haiulizi vilipigwa wapi jana yake.

Tena wasidhani ya kuwa nyimbo za dini zililetwa siku ile ili kuipamba jazi. Huko New Orleans, tangu zamani, bendi husindikiza maiti kwa nyimbo hizo, polepole waendapo makaburini, kisha kwa mwendo wa furaha warudipo. Basi hawa ni ndugu, si wageni.

Wengine husema, heri wangalipiga chumbani pasipo watu, wapate kurudia palipoharibika. Hapo twawapinga zaidi. Katika muziki huu tarumbeta hushika wimbo, tromboni hujibu chini, na klarineti hupanda na kushuka kati yao kama mmea utambaao juu ya mti. Kila mmoja hutunga yake papo hapo, hali sikio lake li kwa mwenzake. Akijikwaa mmoja, wengine humbeba. Santuri iliyosafishwa hutuonyesha ufundi wa mtu. Iliyonaswa mbele ya watu hutushuhudia uaminifu wao.

Basi, msomaji, kijana akija na klarineti mlangoni pa kanisa, usimwulize chombo chake kimetoka wapi. Msikilize kwanza, ndipo uhukumu.