Klachi Iliyoganda na Mali ya Mayatima



Karibu na masika, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja mjane kutoka upande wa Msambweni. Mumewe, Allah amrehemu, alimwachia watoto wanne na trekta moja kuukuu, Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Muda wote wa eda, miezi minne na siku kumi, trekta lilikaa chini ya mwembe bila ya kuwashwa. Eda ilipokwisha, alimwita kijana aliwashe ili lilime na kukodishwa. Injini iliwaka vyema, lakini kila kijana alipokanyaga klachi na kutia gia, meno yalilia na gia ikakataa kuingia.

Fundi aliyeitwa hakugusa kitu. Alitazama tu, akasema klachi imekufa, trekta litenganishwe katikati na kila kilichomo kibadilishwe. Alipotaja bei, mama akaona afadhali aliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akaja kutuuliza: "Sheikh, nina ruhusa ya kuuza mali ya mayatima kwa bei hiyo?"

Tulimjibu: "Mama, kabla ya kuuliza hukumu ya kuuza, tuyajue kwanza maradhi ya kitu chenyewe." Sisi si mafundi, ila tunaye rafiki, mzee aliyeyatengeneza matrekta haya tangu ujana wake. Tukafuatana naye. Aliyotuonyesha siku ile tunayaweka hapa, kwani huenda nyumba nyingine za Kwale na Kilifi nazo zina matrekta kama hilo.

Klachi ni pleti iliyobanwa baina ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ukikanyaga pedali, mbano hulegea na injini huachana na gia. Ukiachilia, hushikana tena. Basi maradhi yake makubwa ni mawili: kushindwa kushika, na kushindwa kuachia.

Klachi isiyoshika hutambulikana hivi: injini hupandisha mlio, lakini trekta likivuta plau halisogei ipasavyo, na pengine harufu ya kuungua husikika. Kabla ya kufungua chochote, ibonyeze pedali kwa mkono. Mwanzoni pawe na nafasi ndogo inayokwenda bila ya uzito. Nafasi hiyo isipokuwapo, klachi haibani sawasawa, na tiba yake huenda ikawa ni kurekebisha fimbo ya pedali tu. Kisha chungulia chini ya nyumba ya klachi, penye tundu dogo. Likidondosha oili, yamkini sili imevuja na pleti imelowa. Hapo kufungua hakuepukiki, na sili ibadilishwe pamoja na pleti. Mara nyingi pia pleti huliwa kabla ya wakati wake na dereva anayeegemeza mguu juu ya pedali siku nzima.

Klachi isiyoachia ndiyo hiyo inayoliza gia. Huenda nafasi ya pedali imezidi, au pini na viungo vya fimbo vimelika, hata mguu ukifika chini mbano haujalegea. Na huenda pleti imeshikwa na kutu ikagandamana na flaiwili, jambo la kawaida kwa trekta lililokaa muda mrefu katika unyevu wa pwani yetu.

Tahadhari moja: matrekta mengi ya aina hii yana klachi ya hatua mbili. Pedali ikifika nusu, magurudumu husimama. Ikifika chini kabisa, ndipo shafti ya nyuma inayoendesha mashine nayo husimama. Shafti ikiendelea kuzunguka pedali ikiwa nusu, huo si ugonjwa.

Mzee alipima nafasi ya pedali, akaiona sawa. Alitikisa viungo, vikawa vizima. Alipapasa chini ya tundu, pakavu. Akasema: "Hii haikufa, imeganda." Aliwasha injini mpaka ikapata moto, akaizima, kisha akaikandamiza pedali kwa kipande cha mti, ikalala hivyo usiku kucha. Asubuhi trekta likapelekwa kwenye uwanja mpana, watoto wakawekwa mbali. Injini ikiwa imezimwa na mafuta yamefungwa, gia ya juu imetiwa na pedali imekanyagwa mpaka chini, trekta la jirani likalivuta taratibu. Hatua chache, tukasikia mlio mkavu, "tak!", na magurudumu yakazunguka huru bila ya kuizungusha injini. Lilipowashwa tena, gia ziliingia bila ya kelele. Gharama yote ilikuwa mafuta kidogo na ujira wa mzee, ambao mama alimshikilia mpaka akaupokea.

Kazi hiyo ifanywe na mjuzi, wala si kijana wa kujaribu. Na ikilazimu kulitenganisha trekta, lisitegemezwe kwa mawe yaliyopangwa. Litegemezwe kwa stendi madhubuti. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, na nguo za fundi zisichanganywe na za watoto katika kufuliwa.

Kwa trekta litakalokaa msimu mzima, dawa ni nyepesi: kandamiza pedali kwa kipande cha mti ili pleti isigusane na flaiwili, na liwekwe penye paa.

Enyi mama zetu, mwenye kusimamia mali ya yatima hatakiwi awe fundi. Anatakiwa aulize: umepima nini, na umeona nini? Fundi mwaminifu atakuonyesha kwa kidole, na asiyeweza kukuonyesha usimpe fedha za watoto. Mama yule hakuhitaji tena jibu la swali lake. Masika yalipoanza, shamba lake lilikuwa limekwisha kulimwa, na la jirani aliyelivuta trekta lililimwa bila ya malipo.

Wabillahi tawfiq.